Ukambi, mwizi wa kumbukumbu za mwili

Mpenzi msomaji, kabla hujaendelea na ukurasa huu, hebu inuka uitafute kadi ya kliniki ya mwanao wa mwisho, ikiwa bado unajua ilipo. Tazama safu ya chanjo. Zile za mwanzo bila shaka zimejazwa zote, kwa kuwa wakati huo mtoto alikuwa mgeni nyumbani na kila mtu aliikumbuka tarehe yake. Sasa teremsha macho hadi miezi 9, kisha miezi 18. Je, pale penye miezi 18 pameandikwa tarehe, ama pako wazi?

Katika nyumba si chache pako wazi. Si kwamba wazazi ni wazembe. Kufikia umri huo mtoto anakimbia uani, mama amerudi kazini, na habari ya kliniki imesahaulika. Isitoshe, wengi wetu tumezoea kuuona ukambi, ambao wengine huuita surua, kuwa ugonjwa mdogo wa utotoni. Vipele, macho mekundu, siku kumi za kulala, basi yamekwisha.

Ni fikra hiyo ya "yamekwisha" ninayotaka tuizungumze leo. Nitakupitisha Nuu, huko Kitui, kisha nitakupeleka Uholanzi kwa mwanasayansi mmoja aliyeanza kazi yake kwa kuwachunguza wanyama wa baharini, na ambaye alisaidia kufichua hila ya ukambi ambayo akina nyanya zetu waliiona kwa macho tu bila kuwa na jina lake.

MANENO YA SUSU

Nuu iko katika kaunti ya Kitui, upande wa Mwingi, karibu na mlima wenye jina hilo hilo. Kama ilivyo sehemu nyingine za Ukambani, shule zinapofungwa watoto wa mjini hupakiwa kwenye basi wakaenda kwa susu, yaani nyanya. Huko mtoto wa Umoja au Kayole hukutana na binamu zake, wakala muthokoi sinia moja na kulala kitanda kimoja. Ni furaha tupu. Ni nafasi nzuri pia kwa ukambi, ambao hupita kwa hewa wakati mgonjwa anapokohoa au kupiga chafya. Virusi vyake huweza kubaki hewani chumbani hadi saa mbili baada ya mgonjwa kuondoka. Mgonjwa mmoja akiwa miongoni mwa watu wasio na kinga aweza kuwaambukiza 12 hadi 18.

Susu mmoja wa Nuu aliniambia, huku akipepeta mbaazi, kwamba zamani mama hakuthubutu kuwahesabu watoto wake hadi ukambi uwe umepita. Kisha akanisimulia habari za mwanawe wa nne. Aliugua ukambi, akapona. Vipele vilikauka, ngozi ikambanduka, akarudi kuchunga mbuzi. Miezi michache baadaye akashikwa na kifua. Hakumaliza juma.

"Watu walisema tumetupiwa jicho," alisema. "Mimi nilijua tu kwamba yule mtoto, tangu alipotoka kwenye ukambi, hakurudi kuwa yule wangu wa kwanza."

Ungo uliendelea kupepea na sikuwa na la kujibu. Hakuna aliyekihesabu kifo kile kuwa cha ukambi. Kilihesabiwa kuwa cha kifua, kama vingi vya aina yake. Mpenzi msomaji, yashike maneno hayo ya susu. Tutayarudia.

WAHOLANZI WALIOBISHA HODI UKAMBANI

Katika miaka ya 1970, Taasisi ya Kifalme ya Nchi za Joto ya Amsterdam ilikuwa na kituo cha utafiti wa tiba mjini Nairobi. Waholanzi wa kituo hicho, miongoni mwao A. S. Muller, A. M. Voorhoeve na J. Leeuwenburg, walifanya uchunguzi mkubwa wa afya ya mama na mtoto katika wilaya ya Machakos ya wakati huo, kabla Makueni haijakatwa na kuwa wilaya mwaka 1992. Hawakukaa hospitalini kungoja wagonjwa. Wafanyakazi wa uchunguzi walipita nyumba kwa nyumba, kila baada ya majuma machache, wakiuliza nani amezaliwa, nani amekufa, nani ana vipele, nani anakohoa kifaduro. Matokeo yao yalikusanywa katika kitabu kilichotoka mwaka 1984.

Faida ya kazi ya namna hiyo ni kwamba daftari halizeeki. Mwaka 1990 Leeuwenburg na mtafiti wa Denmark, Peter Aaby, walizirudia hesabu zile za Machakos na kutoa jambo ambalo kila mzazi apaswa kulijua. Mtoto aliyeambukizwa ukambi nyumbani na nduguye alikuwa katika hatari kubwa ya kufa kuliko yule aliyeuokota nje na kuuleta. Yaelekea anayelala kitanda kimoja na mgonjwa huvuta virusi kwa wingi zaidi, usiku na mchana. Ukikumbuka kile kitanda cha binamu huko kwa susu, utaona kwa nini nimekitaja.

Hata hivyo daftari za Machakos hazikuwa na njia ya kuonyesha kilichokuwa kikitendeka ndani ya damu ya mtoto aliyekwisha kupona. Kwa hilo ilibidi kungoja elimu ya chembe za mwili ikue.

KUTOKA KWA SILI HADI KWA WATOTO

Mwaka 1988, katika Bahari ya Kaskazini huko Ulaya, ulizuka ugonjwa ulioua kiasi cha sili 18,000. Sili ni mnyama wa baharini wa nchi za baridi, mwenye manyoya mafupi na mapezi badala ya miguu. Wataalamu, miongoni mwao Mholanzi Ab Osterhaus, waligundua kwamba muuaji alikuwa kirusi cha ukoo mmoja na ukambi. Ukoo huo tunaujua hata sisi Afrika Mashariki, kwani ndimo ilimotoka sotoka iliyomaliza ng'ombe wa babu zetu katika miaka ya 1890.

Swali likawa, je, uchafu wa viwanda baharini uliwadhoofisha sili wale hata wakashindwa kujikinga? Kijana mmoja wa Kiholanzi, Rik de Swart, akawa miongoni mwa waliotafuta jibu. Walichukua sili wachanga 22 na kuwagawa mafungu mawili. Fungu la kwanza lililishwa samaki wa Bahari ya Baltiki iliyojaa sumu za viwandani, na la pili samaki wa Atlantiki walio safi zaidi. Kazi hiyo ilichukua miaka miwili na nusu, ya kulisha, kutoa damu na kupima. Ilionekana kwamba chembe za ulinzi za wale waliokula samaki wa Baltiki zilikuwa zimelegea. De Swart alipata shahada ya udaktari wa falsafa kwa utafiti huo katika Chuo Kikuu cha Erasmus, Rotterdam, mwaka 1995.

Baadaye aligeukia jamaa mwingine wa ukoo ule, yaani ukambi wa binadamu. Alikuwa miongoni mwa waliochunguza ukambi katika vitongoji vya Khartoum, Sudan, kazi iliyochapishwa mwaka 2000. Mwaka 2007 yeye na wenzake walitoa matokeo ya jaribio lililofanywa kwa nyani wa maabara. Virusi vya ukambi vilitiwa jeni inayovifanya vitoe mwanga wa kijani, ili vionekane vinapokwenda.

Na vilionekana. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba ukambi hushambulia kwanza ngozi ya ndani ya pua na mapafu. Mwanga ule wa kijani ulionyesha vingine. Ulijaa ndani ya chembe nyeupe za damu, katika tezi, katika findo za koo, mahali penyewe ambapo mwili huweka askari wake. Ukambi haukuwa ukiwakwepa walinzi. Ulikuwa ukiwawinda.

MWIZI ANAYEWAUA WALINZI WAZEE

Ili kuelewa uzito wa jambo hilo, fikiria shamba la mtama karibu na kilima chenye nyani. Shamba lina walinzi wa aina mbili. Wako vijana walioajiriwa juzi, wenye nguvu lakini hawajui lolote. Kisha wako wazee waliolilinda miaka mingi. Mmoja anamjua nyani mwenye mkia uliokatika na njia anayopitia. Mwingine anajua ndege wa asubuhi. Wa tatu anajua mlango wa nungunungu. Adui akitokea tena, mzee humtambua kwa kumwona kisogo tu, akapiga yowe kabla suke moja halijavunjwa.

Mwili wa mtoto ndivyo ulivyo. Kila anapougua mafua, kuharisha au kifua akapona, na kila anapochanjwa, hubaki na chembe zinazokumbuka adui yule. Pamoja nazo huwa na kingamwili, ambazo ni protini za damu zinazomnasa adui huyo arudipo. Hiyo ndiyo kumbukumbu ya mwili. Hainunuliwi dukani, bali hukusanywa kidogo kidogo, maradhi kwa maradhi, tangu kuzaliwa.

Mwaka 2012 kikundi cha Rotterdam, Rory de Vries, De Swart na wenzao, kilieleza kwamba chembe hizo za kumbukumbu ndizo ukambi huzipenda zaidi. Huziingia na kuzimaliza. Baada ya majuma machache, hesabu ya chembe nyeupe hurudi kama kawaida, na daktari akipima ataona damu imejaa. Lakini walinzi waliorudi si wale wazee. Wengi wao ni vijana wapya, na adui wanayemjua barabara ni mmoja tu, naye ni ukambi wenyewe. Ndiyo sababu mtu haugui ukambi mara ya pili, na ndiyo sababu pia aweza kuangushwa na kifua ambacho zamani angekishinda.

DAMU YA WATOTO 77

Wazo hilo lilihitaji ushahidi wa watoto, si wa nyani tu. Lakini utampata wapi mtoto ambaye damu yake ilipimwa kabla hajaugua ukambi na baada yake? Hakuna mtu mwenye utu awezaye kumwambukiza mtoto makusudi.

Bahati mbaya ya nchi yao ndiyo iliyowapa nafasi. Uholanzi, pamoja na utajiri wake, ina jamii za Waprotestanti wenye msimamo mkali ambao wengi wao hukataa chanjo kwa sababu za imani. Mwaka 2013 ukambi ulizuka katika jamii hizo, na wagonjwa zaidi ya 2,600 wakaandikishwa. De Swart na wenzake waliwaendea wazazi katika shule zao, si kwa kuwalaumu, bali kwa kuwaomba ruhusa ya kutoa damu ya watoto wasiochanjwa na ambao ugonjwa ulikuwa haujawafikia. Wazazi walikubali. Ugonjwa ulipokwisha kupita, damu ikatolewa tena.

Damu hiyo ilichunguzwa kwa miaka kadhaa, na baadhi yake ikapelekwa Marekani kwa Michael Mina na Stephen Elledge wa Harvard, waliokuwa na njia ya kupima kingamwili za maradhi mamia kwa mara moja. Mwaka 2019 matokeo yakatoka. Katika watoto 77 waliougua, ukambi ulikuwa umefuta kati ya asilimia 11 na 73 ya kingamwili walizokuwa nazo dhidi ya maradhi mengine. Kuna mtoto aliyepoteza sehemu ndogo, na kuna aliyepoteza karibu robo tatu ya kinga aliyoikusanya maisha yake yote. Watoto waliochanjwa walipopimwa, hawakuonekana kupoteza kitu.

Mina alikuwa tayari, mwaka 2015, ameonyesha kwa hesabu za vifo za Uingereza, Marekani na Denmark kwamba athari ya ukambi juu ya vifo vya maradhi mengine hudumu miaka miwili hadi mitatu.

Sasa rudi kwa susu wa Nuu. Sayansi haiwezi kumpima mtoto aliyezikwa zamani, na hakuna awezaye kusema kwa hakika kilichomwua. Lakini maneno yake, kwamba mtoto "hakurudi kuwa yule," hayakuwa ya kupuuzwa. Mama alikuwa ameona kwa macho yake jambo ambalo maabara ililipata miongo mingi baadaye. Haikuhitaji jicho la mtu. Walinzi wazee walikuwa wameuawa, na adui wa zamani akarudi akakuta shamba halina mwenyewe.

KWA NINI MIEZI 9, NA KWA NINI MARA MBILI

Wazazi wengine huuliza, ikiwa ugonjwa ni mbaya hivyo, kwa nini mtoto asichanjwe siku ya kuzaliwa? Jibu lake ni zuri na lapasa kujulikana. Mtoto huzaliwa na kingamwili alizopewa na mama tumboni. Humlinda miezi ya mwanzo, lakini pia huiharibu chanjo akichanjwa mapema mno. Zikiisha, hubaki wazi kwa ugonjwa. Ukichanja mapema chanjo haishiki, ukichelewa ukambi hutangulia. Wizara ya Afya ya Kenya na Shirika la Afya Duniani zilipima damu ya watoto wa Kenya ili kuutafuta wakati unaofaa, na uchunguzi huo uliochapishwa mwaka 1977 ni miongoni mwa zile zilizoipa dunia umri wa miezi 9. Kwa hiyo tarehe iliyo kwenye kadi yako ina mchango wa watoto wa nchi hii.

Hata hivyo, kwa umri huo chanjo hushika kwa watoto kiasi cha 85 katika kila 100. Waliobaki 15 hawana kosa. Miili yao haikuitikia tu, na kwa macho huwezi kuwajua. Ndiyo maana Kenya iliongeza chanjo ya pili ya miezi 18 mwaka 2013, na tangu 2016 chanjo hiyo hukinga pia rubela. Anayeiruka chanjo ya pili anacheza bahati nasibu bila kujua kama mwanawe ni miongoni mwa wale 85 au wale 15.

Usidhani ugonjwa umekwisha duniani. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2023 ukambi uliua watu 107,500, wengi wao watoto chini ya miaka mitano ambao hawakuchanjwa au hawakukamilisha chanjo.

Kwa hiyo, kabla ya kumpandisha mtoto kwenye basi la kwenda ushago, fanya haya. Kwanza, itazame kadi na ukamilishe chanjo zote mbili. Hata akiwa amepitisha miezi 18, mpeleke. Katika vituo vya serikali hutolewa bure. Pili, kadi isafiri na mtoto, isibaki kabatini Nairobi, kwani muuguzi wa kijijini hawezi kuisoma kwa mbali. Tatu, mtoto akipata joto, kikohozi, macho mekundu na vipele, apelekwe kituo cha afya mara moja na atengwe na wenzake. Huko hupewa vitamini A, ambayo hupunguza vifo na upofu. Nne, na hili ndilo husahaulika, akipona usimwondoe machoni. Kwa mwaka mmoja na zaidi, kila homa yake, kila kifua, kila kuharisha kuchukuliwe kwa uzito.

NENO KWA WANAFUNZI

Nanyi mnaosoma ukurasa huu mkiwa mabwenini, na hasa mnaolalamika kwamba somo la biolojia ni la kukariri tu, angalieni njia ya De Swart. Alianza na sili na samaki. Tangu sili wale hadi damu ya watoto 77 ni zaidi ya miaka 20 ya kulisha wanyama, kuosha vyombo vya maabara, kuomba ruhusa kwa wazazi na kuhesabu. Hakufanya peke yake. Nyuma ya jina moja kuna wenzake wengi, na nyuma yao kuna mtoto aliyenyosha mkono ukatolewa damu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Wala msidhani sayansi ya namna hii ni ya Rotterdam peke yake. Ile sotoka, nduguye ukambi, imekwisha futwa duniani. Chanjo iliyofanya kazi kubwa ilitengenezwa na Walter Plowright na wenzake Muguga, hapa karibu na Nairobi. Mara ya mwisho sotoka kuonekana popote duniani ilikuwa mwaka 2001, katika nyati wa mbuga ya Meru, na mwaka 2011 ikatangazwa kwamba imetoweka. Ng'ombe wamekwisha ponea. Watoto bado, nao wana chanjo iliyo nzuri vilevile. Kilichobaki ni sisi kuwapeleka.

Basi, kama kadi bado iko mkononi na pale penye miezi 18 pako wazi, kliniki hufunguliwa kesho Jumatatu asubuhi. Hadi Jumapili ijayo, nakutakia juma lenye heri wewe na jamaa yako.